Kazi, Mtoto Mdogo, na Kwetu: Nani Asiyeweza Kungoja?



Liko swali moja katika sharika zetu ambalo halisemwi sana kanisani, bali husemwa jikoni na njiani, mara nyingine kwa machozi. Swali ni hili: mama Mkristo afanyaye kazi ya mshahara mbali na kwao, naye ana mtoto mdogo ambaye ndiyo kwanza ajifunza kutembea na kusema, afanye nini? Aiache kazi? Ampeleke mtoto kwa bibi yake? Au atafute msichana wa kumlea? Na ile hamu ya kwao inayomsumbua usiku, je, ni dhambi, au ni udhaifu wa imani? Wainjilisti huulizwa maneno haya katika kuzuru nyumba za Wakristo, na si vema wajibu kwa haraka. Kwa hiyo nataka tulifikiri swali hili kwa utaratibu.

Kwetu Igamba swali hili si geni. Igamba ni kata katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, ule uliofanywa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Ni nchi ya kahawa, mahindi na maharage, na wenyeji wake hasa ni Wanyiha. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Mlowo na Vwawa, ikaenda hata Tunduma, mpakani mwa Zambia. Njia hiyo huleta watu wengi wasiozaliwa huku: walimu, wauguzi, mabwana shamba, wenye maduka na wenye magari. Wengine hukaa mwaka mmoja, wengine huzaa na kulea hapa hapa.

Tumtwae kwa mfano mwalimu wa shule aliyezaliwa Bukoba, akaletwa Mbozi kufundisha. Sitaji jina, kwa kuwa walio kama yeye ni wengi. Mumewe yuko kazini mkoa mwingine, naye huja mara chache. Mtoto wao ana miaka miwili. Alfajiri mama humwosha mtoto, humpikia uji, humkabidhi kwa mtu, kisha huenda darasani kuwafundisha watoto wa wenzake hali moyo umebaki mlangoni kwake. Jioni husahihisha madaftari huku mtoto amemlalia mapajani. Usiku hupiga simu kwao, na bibi huonekana usoni katika simu, akacheka na mjukuu. Lakini simu haimbebi mtoto mgongoni, wala haimpozi homa. Bibi huuliza, “Mtamleta lini nimwone?” Mama hujibu, “Mungu akipenda, likizo.” Naye anajua ya kuwa nauli ya Bukoba ni kubwa, na safari ni zaidi ya siku moja kwa basi. Tena huhuzunika kwa kuwa mtoto ajifunza maneno mengi ya Igamba, ila hajui kumwamkia bibi yake kwa Kihaya.

Wazee walisema, mshika mawili moja humponyoka. Na huyu ameshika matatu: kazi, mtoto, na kwao. Yote matatu ni mema, tena yote matatu amepewa na Mungu. Hapo ndipo ugumu ulipo. Kama moja lingekuwa ovu, tungemwambia aliache, na neno lingekwisha.

Wako wasemao ya kuwa taabu hii imeletwa na mambo ya siku hizi tu. Sivyo. Katika miaka ya 1930 wanaume wengi wa nchi hizi za kusini walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, upande wa Chunya, na wengine walivuka mpaka kwenda kwenye machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Waliacha watoto ambao waliporudi hawakuwajua. Lakini siku zile mtoto alibaki na mama yake, na mama alibaki kati ya ndugu. Mwenye kuondoka alikuwa mmoja. Siku hizi mara nyingi mama naye huondoka, wala haondoki na ukoo wake.

Hata waliotuletea Injili waliyajua mambo haya. Ndugu zetu Wamoraviani walijenga misheni ya Mbozi mwaka 1899. Ilikuwa desturi ya wamisionari wao kuwapeleka watoto Ulaya kwenye shule za kanisa lao, kama ile ya Kleinwelka huko Ujerumani, wakiwa bado wadogo. Walifanya hivyo kwa kuogopa magonjwa na kwa kutaka watoto wasome. Hatuwahukumu. Lakini tufikiri mama aliyewafundisha watoto wa Wanyiha ilhali watoto wake mwenyewe walikua mbali bila kuisikia sauti yake. Injili tuliyoipokea ilikuwa na gharama, na sehemu ya gharama ile ililipwa na watoto ambao hawakuulizwa.

Sasa tuyatazame majibu matatu ambayo watu humpa mama kama huyu.

Jibu la kwanza: “Aache kazi, akae na mtoto wake.” Neno hili huonekana kuwa la kicho, na kwa mwingine laweza kuwa sawa, kama nyumba ina chakula na moyo wake mwenyewe wataka hivyo. Lakini tusilifanye kuwa sheria. Sisi Walutheri tumefundishwa ya kuwa kazi ya halali, iwe ya mwalimu, ya mkulima au ya mtumishi wa nyumbani, ni wito wa Mungu, ambao kwao twawatumikia jirani zetu. Mwalimu wa Igamba akiondoka, watoto wengi hukosa mwalimu. Tena mara nyingi mshahara wake ndio unaonunua dawa za bibi kule Bukoba. Hata serikali haikudhani ya kuwa mwenye kuzaa lazima aache kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi zenye malipo, na siku 100 akizaa mapacha. Na akirudi kazini, mwajiri lazima amruhusu kunyonyesha katika saa za kazi, muda usiozidi saa mbili kwa siku. Mwajiri Mkristo anayelinyima neno hili asijihesabu kuwa mwenye haki kwa sababu ya sadaka yake ya Jumapili.

Tena wasemao “aache kazi” humwambia mama peke yake. Na baba je? Sheria ile ile humpa baba siku zisizopungua 3 tu; lakini Mungu hakumpa ubaba wa siku tatu. Mwaka 1522 Martin Luther aliandika kitabu juu ya maisha ya ndoa, akafundisha ya kuwa baba afuaye nepi za mtoto wake kwa imani hufanya kazi impendezayo Mungu, hata watu wakimcheka. Imepita miaka 500 na zaidi, na baba wengi bado waogopa kuchekwa. Baba aliye mbali kwa kazi hawezi kufua nepi, ni kweli. Lakini aweza kuomba uhamisho, aweza kutumia likizo yake kumlea mtoto badala ya kupumzika, aweza kupeleka fedha bila kuulizwa mara tatu. Mkono mmoja haulei mwana.

Jibu la pili: “Ampeleke mtoto kwa bibi.” Desturi hii ni ya zamani kwetu, na ina baraka. Timotheo alikuwa na bibi, jina lake Loisi, na Mtume Paulo aisifu imani yake pamoja na imani ya Eunike mama yake. Wengi wetu tulifundishwa sala ya kwanza na bibi. Wala bibi si mtumishi. Ni mwenye haki katika mtoto. Lakini watu hupenda kumtaja Hana, wakisema, “Hana alimtoa Samweli, nasi tuwatoe watoto.” Na tusome vizuri. Hana alingoja hata mtoto alipoachishwa ziwa, ingawa mumewe alikuwa akipanda kwenda kutoa dhabihu kila mwaka. Na alipomtoa, kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Kanzu ile yatufundisha neno: mwenye kushona kanzu ya mtoto aliye mbali lazima ajue mtoto amekua kadiri gani. Hana hakumtoa Samweli ili apate nafasi ya kufanya mambo yake. Alimtoa kwa Bwana, akaendelea kuwa mama yake.

Basi anayetaka kumpeleka mtoto kwa bibi ajiulize kwanza: Je, bibi ana nguvu ya kukimbizana na mtoto wa miaka miwili, au amekubali kwa kuona haya kukataa? Je, mimi nitafika mara ngapi kwa mwaka, kwa miguu yangu, si kwa simu? Na je, nampeleka kwa faida ya mtoto, au kwa kuwa nimechoka na sina wa kuniambia pumzika? Kuchoka si dhambi. Lakini dawa ya kuchoka kwa mama isitafutwe kwa kumng'oa mtoto.

Jibu la tatu ndilo lifuatwalo na wengi: “Atafute msichana.” Hapa naomba tusimame kidogo, maana hapa twakosa sana bila kujua.

Mlezi mtu mzima, aliyepatana mshahara wake, apumzikaye siku yake na kuja kanisani pamoja na wenye nyumba, ni mfanya kazi wa heshima. Lakini mara nyingi msichana aletwaye si mtu mzima. Ni mtoto wa watu, ametolewa shuleni au amemaliza darasa la saba, ametoka kijijini kwao kwa ahadi ya nguo na nauli. Sheria niliyoitaja yakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Na yule aliyefika miaka 14 aruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala kumzuia kwenda shule. Kuamka kabla ya alfajiri na kulala baada ya wote, na kati yake kubeba mtoto, kufua na kupika, si kazi nyepesi.

Tena yupo jambo lisiloandikwa katika sheria. Mama mwenye nyumba hulia usiku kwa hamu ya kwao. Na nyuma ya ukuta, juu ya mkeka jikoni, yuko msichana naye analia kwa hamu ya kwao, wala hana simu ya kumwonyesha uso wa mama yake. Machozi ni yale yale. Lakini ya mmoja huitwa huzuni, na ya mwenzake huitwa uvivu na ukaidi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hivyo ndivyo tuonavyo sisi tusioubeba. Nasi wa vijijini tusijitoe katika neno hili, maana binti zetu ndio hupelekwa Mbeya, Tunduma na Dar es Salaam kulea watoto wa wengine, na sisi huipokea fedha bila kuuliza amelala wapi. Hatuwezi kumlea mtoto wetu kwa kumnyima malezi mtoto wa mwingine, kisha tukaiita hiyo riziki ya Mungu.

Kama majibu yote matatu hayatoshi kuwa sheria, basi tushike nini? Mimi naona liko swali moja linaloweza kutuongoza katika nyumba yo yote: kati ya hawa wote wanaonihitaji, nani asiyeweza kungoja?

Kazi yaweza kungoja mara nyingi kuliko tunavyodhani. Madaftari yakisahihishwa kesho, hapana atakayekufa. Cheo kikija baada ya miaka mitatu, bado ni cheo. Ndugu wa nyumbani waweza kungoja hata likizo, kama wanajua ya kuwa hawakusahauliwa. Lakini mtoto wa miaka miwili hajui maana ya kesho. Ukimwambia, “Nitakupenda nikimaliza kazi hii,” hasikii ila ya kuwa haupo. Miaka ile ambayo ajifunza nani wa kumtumaini hairudi tena, wala haiwezi kununuliwa kwa ada ya shule nzuri baadaye. Kwa hiyo, panapokuwa na shaka, aliye mdogo atangulie.

Mtu atasema, “Na mzazi mgonjwa kule nyumbani, yeye aweza kungoja?” La, hawezi. Swali lile lile ndilo litakalotuondoa siku hiyo. Mama yako akiwa kitandani, usimwambie asubiri mwisho wa muhula. Katika Katekisimo Ndogo tulijifunza amri ya nne tukiwa watoto, lakini ni watu wazima wanaoamriwa hasa. Omba ruhusa, beba mtoto, panda basi. Mkuu wa shule aliye Mkristo na akupe ruhusa, na walimu wenzako washike vipindi vyako.

Hata hivyo iko siku ambayo mtu hawezi kwenda. Neno hili lilimpata Luther mwenyewe. Mwaka 1530 baba yake, mzee Hans, alikuwa mgonjwa huko Mansfeld. Luther alitaka kumwendea, lakini rafiki zake walimzuia kwa sababu ya hatari ya njiani. Akamwandikia barua ya kumfariji. Kisha ilimlazimu kukaa miezi mingi katika ngome ya Coburg, wakati wenzake walipokuwa wakilitetea neno la imani huko Augsburg, ambako Ungamo letu lilisomwa tarehe 25 Juni. Tarehe 29 Mei baba yake akafa. Habari ilimfikia Juni 5. Yule aliyekaa pamoja naye aeleza ya kuwa Luther alitwaa Zaburi zake, akaingia chumbani, akalia hata kesho yake kichwa kikamuuma. Ukutani alikuwa na picha ya binti yake mchanga, Magdalena, aliyopelekewa na mkewe Katharina. Na siku chache baadaye, tarehe 19 Juni, alimwandikia mwanawe Hans, aliyekuwa ametimiza miaka minne tu mwezi ule, akamsimulia habari za bustani nzuri yenye matunda na farasi wadogo, ambamo watoto wasalio na kujifunza huingia.

Tazameni basi: kazi kubwa kuliko zetu, mtoto mdogo nyumbani, na mzazi aliyekufa mbali, yote katika mwezi mmoja. Luther hakuona haya kulia, wala hakusema ya kuwa kazi ya Mungu yamfungua mtu na watoto wake. Katika huzuni ile alitafuta maneno ambayo mtoto wa miaka minne aweza kuyafahamu. Yeye anayemwambia mama mgeni, “Ukiwa na imani hutalia kwa ajili ya kwenu,” ataka imani ambayo mwalimu wetu hakuwa nayo.

Wala Maandiko hayataki hivyo. Wayahudi waliohamishwa Babeli walilia kando ya mito walipokumbuka Sayuni. Nao ndio ambao nabii Yeremia aliwaandikia wajenge nyumba, wapande bustani, wazae watoto, na kuutafutia amani mji ule. Kulia na kupanda ni vya watu wale wale. Hamu ya kwao ni ushuhuda ya kuwa mtu alipendwa mahali fulani. Asiizime, aitumie. Amfundishe mtoto salamu ya Kihaya, amtajie majina ya babu zake, amwimbie wimbo wa kwao wakati wa kulala. Hivyo mtoto atapata nyumba mbili badala ya kukosa zote.

Lakini nikikoma hapa, nitakuwa nimeyaweka yote tena juu ya mabega ya mama. Kwa hiyo neno la mwisho ni la usharika.

Tukumbuke habari za Ruthu. Alikuwa mgeni Bethlehemu, ameiacha nyumba ya mama yake katika Moabu. Alifanya kazi ya kuokota masazo mashambani, na Boazi, mwenye shamba, aliwaagiza watu wake wasimwaibishe, bali wamwachie masuke kwa makusudi. Kisha Ruthu alipozaa mwana, Naomi alimpakata akawa mlezi wake. Na Maandiko yasema ya kuwa wanawake majirani ndio waliompa mtoto jina, Obedi. Si ukoo wa Moabu uliompa jina, kwa kuwa haukuwapo. Majirani walifanya kazi ya ukoo. Na kwa mtoto yule alitoka Daudi, na katika uzao wa Daudi akaja Mwokozi wetu.

Hivyo ndivyo usharika upaswavyo kuwa. Katika Igamba wako mama wazee ambao watoto wao wamekwenda mjini, nao hukaa peke yao mchana kutwa barazani. Na ng'ambo ya njia yuko mwalimu asiyejua amwache mtoto kwa nani. Kwa nini hawa wawili wakutane Jumapili tu, tena kwa kupeana mikono? Wazee wa kanisa waweza kuwakutanisha, na mwalimu amlipe mama yule kwa haki, si kwa shukrani tupu. Wakati wa kuchuma kahawa, ambapo hata mama wenyeji huwafunga watoto migongoni tangu asubuhi hata jioni, wanawake waweza kupeana zamu: wawili wabaki na watoto wa wote, wengine wachume. Na mgeni akiugua, asingoje ndugu zake wafike kutoka Bukoba. Ndugu zake ni wale waliopokea Meza ya Bwana pamoja naye.

Ninyi wainjilisti na walimu wa dini, mnapozuru nyumba, msimwulize mama tu, “Mbona hatukukuona kwaya?” Mwulizeni, “Nani anakusaidia kumlea mtoto?” Na kabla ya kuondoka mwiteni msichana aliye jikoni, mwulizeni naye jina lake, umri wake, na kwao. Kama hapana aliyewahi kumwuliza, hapo mmekwisha kujua kazi yenu ya juma lile.

Bwana wetu aliwakumbatia watoto wadogo, wanafunzi walipotaka kuwafukuza kwa kudhani ya kuwa ana kazi kubwa zaidi. Yeye atupe macho ya kumwona kila siku yule asiyeweza kungoja, na mikono ya kutosha miongoni mwetu ya kumpokea. Amina.